Masikio ya Nanyuki, Anga la Konya

Siku ya kwanza: Istanbul

Saa ya mkononi sikuigusa. Nairobi na Istanbul hazipishani hata dakika, na hilo peke yake lilinifanya nishuke kwenye ndege nikijiona mwenyeji.

Nimekulia Nanyuki, ng'ambo ya ua wa kituo cha jeshi la anga cha Laikipia. Kwetu ndege za kivita za F-5 si habari, ni jogoo. Zikipaa asubuhi, mama hunyamaza katikati ya sentensi, husubiri kishindo kipite, kisha humalizia palepale alipoachia. Ugonjwa wangu wa ndege za kivita ulianzia hapo, na ndio ulionileta Uturuki kufuata Anadolu Kartalı, yaani Tai wa Anatolia, mazoezi makubwa ya anga yanayofanyika mjini Konya tangu Juni 2001.

Niseme mapema ili msomaji asije akanidai: ndani ya kituo sikuingia. Wenyewe hutenga siku maalumu kwa wapiga picha, nawe hujiandikisha mapema. Mimi nililala. Nilipozinduka orodha imefungwa na tiketi nimeshailipa. Nikajiambia kwamba masikio hayahitaji kibali.

Mchana nilipanda treni ya Marmaray hadi Yeşilköy, kwenye makumbusho ya jeshi la anga. Ukutani kuna maneno ya Atatürk, mwasisi wa jamhuri ya Uturuki, ambayo utayakuta kila penye propela nchini humu: İstikbal göklerdedir, mustakabali uko angani. Uwanjani nje ndege zimepangwa kama ng'ombe mnadani. Paka mmoja alikuwa amelala chini ya F-104, ile yenye mabawa mafupi kama visu, na hakunipisha.

Nilikaa sana mbele ya F-104 hiyo kwa sababu ya kisa cha tarehe 21 Julai 1974. Uturuki ilikuwa imevamia Cyprus siku moja kabla. Ikaja taarifa kwamba msafara wa meli za Kigiriki unaelekea Paphos, mji wa pwani wa Cyprus. Marubani wa Uturuki wakaambiwa manowari yoyote watakayoikuta eneo lile ni ya adui. Walizikuta tatu, zote zimeundwa Marekani, za aina ileile waliyokuwa nayo Wagiriki, wakazishambulia kwa F-100 na F-104. Zilikuwa zao. Moja, Kocatepe, ilizama, mbili zikajeruhiwa. Husimuliwa kwamba mabaharia walipiga kelele redioni kwa Kituruki, na rubani mmoja akawasifu kwa kukijua vizuri Kituruki, kisha akaendelea. Kama ni kweli au ni chumvi, meli ilizama kweli.

Ukitaka kujua kwa nini jeshi hutumia mafuta na fedha kwa mazoezi ya pamoja, anza na kisa hicho. Kulenga walijua. Kuulizana hawakujua.

Siku ya pili: Eskişehir

Treni ya mwendo kasi ilinifikisha mchana. Mji wa wanafunzi, wenye mto Porsuk katikati na vyakula vya Watatari wa Crimea. Nilikula çibörek, sambusa pana nyembamba ya nyama inayomwaga mchuzi shatini usipoing'ata kwa adabu. Mimi niliing'ata bila adabu.

Hapa ndipo yalipo maskani ya F-4E Phantom za mwisho za Uturuki, katika Kikosi cha 111, Panter. Waturuki huiita Baba. Wala si utani mtupu: ni ndege nzito, ina watu wawili, injini mbili, moshi mwingi, na haina haja ya kujieleza. Za kwanza zilifika 1974, mwaka uleule wa Cyprus. Februari 1975 Marekani ikafunga mlango: hakuna silaha, hakuna vipuri. Mlango ulikaa umefungwa hadi 1978. Ndege unayo, tairi lake huna. ASELSAN, kampuni ya vyombo vya elektroniki vya kijeshi, ilianzishwa 1975, na hakuna Mturuki atakayekuambia ni bahati iliyokutanisha tarehe hizo.

Nilikuwa kando ya Porsuk wakati Baba wawili walipopita. Niliambiwa na vifua vya watu kabla ya masikio yangu, maana kila mtu kwenye benchi alijikaza kidogo. Mlio wa Phantom ni mzito na wenye mikwaruzo, kama bati linaloburutwa juu ya kokoto na mtu asiye na haraka. Mwanafunzi mmoja pembeni hakuinua hata kope. Nikamtambua: mtoto wa karibu na kituo.

Phantom 54 zilifanyiwa ukarabati mkubwa na Waisraeli, zikapewa rada mpya na vyombo vipya, zikaitwa F-4E 2020. Enzi hizo Uturuki na Israel walikuwa wakila sahani moja. Mazoezi ya kwanza ya Konya, 2001, yalifanywa na Uturuki, Marekani na Israel. Mwaka 2009 Uturuki iliwakataa Waisraeli, Marekani nayo ikajiondoa. Na 2010 nani akaonekana Konya? Wachina, na Su-27 zao. Mazoezi ya pamoja ni kama karamu ya harusi. Hapo kadi za mwaliko husema mengi kuliko chakula.

Siku ya tatu: njiani

Mvua. Soksi zililowa. Treni ya Konya ilikuwa imejaa, nikasubiri ya baadaye. Nilisoma habari za Vecihi Hürkuş, aliyeunda ndege yake mwenyewe na kuirusha Januari 1925. Alipotua alipewa adhabu kwa kuruka bila kibali. Leo ndege ya mafunzo ya nchi hii inaitwa Hürkuş. Nilizungumza naye kimoyomoyo kuhusu vibali.

Siku ya nne: Konya

Tambarare. Ngano imeiva hadi upeo wa macho, na mbingu kubwa kuliko ya Laikipia, jambo ambalo sikudhani nitaliandika.

Mwenyeji wangu ni kijana wa Tanga anayesoma hapa kwa ufadhili wa serikali ya Uturuki. Alinipokea stesheni. "Kaka, karibu. Pole na safari. Kwanza nikuonye: kamera hiyo iache ndani ya begi. Ukiinua karibu na ule ua, tutalala karakol."

"Wapi?"

"Kituo cha polisi. Karakol."

Nikacheka hadi watu wakageuka. Korokoroni! Neno tulilotishwa nalo utotoni limeandikwa hapa kwa herufi kubwa juu ya milango. Usiku ule tuliendelea kuyatafuta mengine. Afande wetu ni efendi wao. Baruti yetu ni barut yao. Askari wa pwani na wa bara tumebeba Kituruki mdomoni miaka yote hii, kimepitia Misri na Sudan, bila kujua tulikitoa wapi.

Onyo lake halikuwa la woga. Novemba 2001 watazamaji wa ndege kumi na wanne, Waingereza na Waholanzi, walikamatwa kwa tuhuma za ujasusi nchini Ugiriki, jirani wa hapa, wakiwa na madaftari ya namba za mikia ya ndege. Kila mpenda ndege anakijua kisa hicho kama wavuvi wanavyojua kisa cha mtumbwi uliopotea.

Chakula cha jioni: etli ekmek, mkate mrefu wa nyama, karibu urefu wa mkono. Kaburi la Mevlana, yaani Rumi, yule mshairi wa Kisufi, tulilizuru pia. Kulikuwa na foleni.

Siku ya tano: vita vya asubuhi, vita vya mchana

Kijana alikuwa ameniandalia kitu bora kuliko kibali: mzee. Alikuwa fundi wa silaha wa jeshi la anga, sasa amestaafu, na hukaa kwenye duka la chai nje ya mji, upande ambao ndege huanza kukunja kona baada ya kupaa. Hapa wanamwita usta, fundi aliyebobea, neno lenye asili moja na ustadhi wetu. Kijana alimwinamia na kumwita amca, baba mdogo, nami nikafuata. Mzee akasukuma bilauri ya chai mbele yangu, akaelekeza kidole juu.

Saa tatu na kitu za asubuhi yetu zikaanza. Kwanza ndege kubwa, ya polepole, yenye kitu kama ubao uliosimamishwa mgongoni. Hiyo ni E-7T, Barış Kartalı, Boeing 737 iliyogeuzwa kuwa rada inayoruka. Uturuki inazo nne, na makao yake ni hapahapa Konya. Kisha F-16, mbili mbili. Nilihesabu hadi ishirini na mbili, mzee akasema nimeruka mbili, nikamwamini.

F-16 ndiyo mgongo wa jeshi hili. Ilianza kufika 1987, na nyingi ziliunganishwa nchini, na TUSAŞ, kampuni ya ndege ya Uturuki, nje ya Ankara. Jumla zilizopokelewa ni 270. Ina injini moja, na mlio wake ni msafi kuliko wa Phantom: kitambaa kipya kinachochanwa kwa mkono mmoja, moja kwa moja, hadi mwisho wa gora.

Kinachofanyika huko juu mzee alikichora kwa sukari. Vipande upande huu ni kikosi cha buluu, washambuliaji. Upande ule ni kikosi chekundu, walinzi. Buluu wanapewa shabaha karibu na Tuz Gölü, ziwa la chumvi lililo kaskazini-mashariki. Wanapaswa kupanga nani atangulie kuondoa ndege za adui, nani anyamazishe rada za ardhini, nani abebe mabomu, nani anywe mafuta angani na saa ngapi. Wekundu kazi yao ni kuharibu mpango huo. Ardhini kuna mitambo inayoigiza makombora ya Kisovieti ya kutungua ndege, hivyo rubani anasikia kengele ileile ambayo angeisikia siku ya kufa.

"Na makombora yenyewe?" niliuliza.

Hayarushwi. Ndege hubeba kombora la mazoezi lisilo na injini, lenye jicho tu, pamoja na mtungi mwembamba unaorekodi mwendo wake, pembe yake na kila kitufe kilichobonyezwa. Rubani "anapiga", hesabu zinafanywa, na aliyeuawa anaambiwa redioni. Anatoka uwanjani kwa aibu yake. Jioni wote hukaa chumba kimoja, picha inarudishwa ukutani, na kila mtu anaona alipofia. Mzee alisema humo ndimo mazoezi yalimo. Angani ni kukusanya makosa tu.

Wazo lenyewe ni la Wamarekani. Baada ya Vietnam waliona kwamba rubani akivuka misheni kumi za kwanza, nafasi yake ya kuishi inapanda sana. Wakaanzisha mazoezi ya Red Flag huko Nevada, 1975, ili hizo kumi za kwanza zifanyike nyumbani. Konya imechukua mtindo huo, na eneo lake la anga ni pana. Wageni nao wana chao cha kufuata. Mwaka 2021, kwa mfano, Azerbaijan ilileta MiG-29 na Su-25, Pakistan JF-17, Qatar Rafale. Fikiria rubani wa F-16 anayepata kupigana mchana kutwa na ndege ya Kirusi, ya Kichina-Kipakistani na ya Kifaransa, kisha akanywa chai na waendeshaji wake. Mzee alisema marafiki hao ndio wanaomwogopesha zaidi angani. Adui unakaa naye mbali, rafiki yuko mita chache tu na mnaambizana "kushoto" kwa lafudhi tatu. Nikakumbuka Kocatepe.

Wimbi la pili lilipaa baada ya chakula cha mchana. Kufikia hapo nilikuwa na bilauri kumi na moja za chai tumboni na nilitetemeka kama bawa.

Siku ya sita: hesabu ya pini

Nilirudi dukani peke yangu asubuhi, kijana akaja baada ya darasa. Nilitaka tuzungumzie silaha. Mzee alitaka kuzungumzia pini.

Kila bomu na kila kombora lililofungwa chini ya bawa lina pini ya usalama yenye utepe mwekundu. Dakika za mwisho, injini ikiwa inaunguruma, fundi huzichomoa zote, huziinua mkononi ili rubani azione, wote wawili wanahesabu. Pini saba, silaha saba. Ukiwa na sita, ndege haiendi. Miaka yote aliyotumikia, alisema, alikuwa akiota usiku kwamba ana sita. Vidole vyake vya kulia vilikuwa vinahesabu mezani alipokuwa akisimulia.

Alipoanza kazi, karibu kila alichokifunga kilikuja na maandishi ya Kiingereza na barua ya ruhusa. Makombora ya Marekani: Sparrow, Sidewinder, Maverick, HARM. Silaha nzuri, hakuzitukana. Ila kila moja ilikuwa na mwenyewe. Kisha majina yakaanza kubadilika. HGK ilikuja kwanza kwake: si bomu, ni mkia. Unachukua bomu la kawaida la Mk-84, pauni 2000, karibu kilo 900, lisilo na akili yoyote, unalivisha mkia wenye mapezi, kipokea satelaiti na chombo cha kupima mwendo. Sasa linajua linakokwenda. KGK ni mkia wa namna hiyo ulioongezwa mabawa yanayokunjuka, ili bomu liteleze mbali na rubani asisogelee makombora ya ardhini. SOM ni kombora kamili lenye injini yake ya jeti, lililooneshwa hadharani 2011, linaloruka chinichini kwa zaidi ya kilomita 250.

Na makombora ya angani wameyapa majina ya ndege wawindaji. Bozdoğan na Gökdoğan ni jamii ya kozi. Bozdoğan hufuata joto, ni la karibu. Aprili 2021 lilipiga shabaha lake la kwanza angani likirushwa na F-16. Gökdoğan hutumia rada, ni la mbali. Ninapoandika haya, Kızılelma, ndege ya kivita isiyo na rubani, imeshatungua shabaha ya injini ya jeti kwa Gökdoğan mwishoni mwa Novemba 2025. Mzee wangu atauliza pini kachomoa nani, kaonyesha nani.

Nikamuuliza kuhusu F-35, ndege ya kivita ya Marekani isiyoonekana kirahisi kwenye rada. Akanyamaza, akachukua kijiko, akakoroga chai ambayo tayari ilikuwa imekorogwa.

Habari yenyewe inazunguka. Novemba 2015 F-16 ya Uturuki ilitungua Su-24 ya Urusi mpakani mwa Syria. Miaka miwili baadaye Ankara ikasaini kununua kwa hao Warusi S-400, mitambo ya makombora ya kutungua ndege. Ilipoanza kufika Julai 2019, Marekani iliitoa Uturuki kwenye mradi wa F-35, ndege ambayo Uturuki ilikuwa imepanga kununua 100 na viwanda vyake vilikuwa vikiitengenezea vipande. Tangu hapo ni hekaheka. F-16 mpya za Marekani, ruhusa Januari 2024. Ndege za kivita 20 za Typhoon kutoka Uingereza, mkataba Oktoba 2025. Na KAAN, ndege yao wenyewe, iliyoruka mara ya kwanza tarehe 21 Februari 2024 kwa dakika 13.

Dakika 13 nchi nzima ililia. Ila chini ya ngozi ya KAAN hiyo kuna injini mbili za F110, ukoo uleule wa injini ya F-16, muundo wa Marekani. Nilimwambia mzee hivyo, kijana akatafsiri kwa sauti ya chini kidogo. Mzee akainua kidole kimoja: pini moja bado.

Siku ya saba: uwanja wa Konya

Ndege ya kurudi Istanbul nilikuwa nimeikata hapahapa Konya kwa makusudi. Uwanja wa abiria na kituo cha kijeshi vinatumia njia moja ya kurukia. Asiye na kibali anaingia kwa tiketi. Nilifika saa tatu nzima kabla ya muda, mtu wa kwanza kwenye jengo.

Konya ni nyumbani pia kwa Türk Yıldızları, Nyota wa Uturuki, kikundi cha maonyesho kilichoanzishwa 1992. Ndege zao ni nyekundu na nyeupe, aina ya NF-5, zilizotoka Uholanzi. Zina injini mbili za J85, na F-5 zetu za Nanyuki zina injini za ukoo huohuo.

Nilikuwa nimesimama nje ya jengo na kijana wa Tanga, tunaagana, zilipopaa. Sikuhitaji kutazama. Ule mlio mwembamba, wa juu, wa filimbi iliyopasuka, ambao Phantom na F-16 hawana. Nilikuwa mtoto tena, mwenye sare ya shule, mkono mmoja kwenye waya wa ua.

Kijana akaniuliza mbona nimebadilika. Nikamsimulia habari ya baba. Tarehe 1 Agosti 1982 wanajeshi wa anga walipojaribu kupindua serikali, marubani wa F-5 Nanyuki walilazimishwa kwa bunduki kupaa wakapige mabomu Nairobi. Kwetu husimuliwa kwamba waliyatupa msituni Mlima Kenya. Baba alisema tangu siku ile, mwaka mzima, hakuna mtu mtaani aliyesikia ndege ikipaa bila kutazama inageukia wapi.

"Na hapa pia, kaka," kijana akasema. Usiku wa tarehe 15 Julai 2016, F-16 zilitoka kituo cha Akıncı, karibu na Ankara, zikalipiga bunge la nchi yao wenyewe. Watu zaidi ya 250 waliuawa usiku ule. Baadaye mamia ya marubani wakafukuzwa, na kituo kikarudishiwa jina la zamani, Mürted. Ndiko KAAN ilikorukia. Njia ileile.

Simu ikaita. Mama, na swali lake la kawaida kama nimekula. Nikaanza kumweleza etli ekmek, na Nyota wakarudi juu yetu, wote pamoja, chini sana. Nikanyamaza katikati ya sentensi. Upande wa pili naye akanyamaza, akasubiri pamoja nami, hadi kishindo kikapita.

"We," akasema, "kwani umeshafika nyumbani na hujaniambia?"